Kuziba pengo usiku wa drafti: upande, ukae, ushuke, au ununue mkongwe?

Drafti ninayoizungumzia si ile ya vizibo vya soda inayochezwa kibarazani. Ni ule usiku wa mwezi Aprili ambapo timu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zinagawana vijana wanaotoka vyuoni. Inaanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za New York, na huku Dar es Salaam na Nairobi ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa hiyo wengi wetu tunaifuata tukiwa chini ya blanketi, simu imezimwa sauti, kundi la WhatsApp linawaka moto.

Ugomvi wa kundini ni uleule kila mwaka. Timu ya fulani ina pengo, labda beki wa pembeni, labda mtu wa kumkimbiza kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wa wapinzani, na kijana wa kuliziba anaonekana waziwazi. Nusu ya kundi inapiga kelele: pandeni mkamchukue! Nusu nyingine: tulieni, atafika. Nimechoka kubishana kwa meseji za maneno kumi, kwa hiyo naweka njia zote bega kwa bega hapa.

Kwa aliyezoea usajili wa Simba na Yanga, kitu kigeni ni kwamba kule fedha haimnunui kijana wa chuo. Timu iliyovuta mkia msimu uliopita inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, raundi saba. Kama zamu yako ni ya 27 na unayemtaka hatafika huko, unampigia simu mwenye zamu ya 10 umwombe akuachie. Atakuachia, ila utamlipa kwa zamu zako: hiyo ya 27 yenyewe, ya raundi ya tatu, pengine na ya raundi ya kwanza ya mwakani. Kupanda ndiko huko.

Bei nayo ina kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jimmy Johnson, kocha wa Dallas Cowboys, alianza kutumia jedwali linaloipa kila zamu alama zake: ya kwanza 3,000, ya 10 alama 1,300, ya 32 alama 590. Timu nyingi leo zina majedwali yao ya ndani, lakini vijiweni bado tunabishana kwa lile la Johnson. Kuna jambo jingine lililobadilisha bei, nalo ni mkataba wa ligi na wachezaji wa 2011. Kabla yake, aliyechaguliwa wa kwanza alikuwa anakomba hazina: Sam Bradford mwaka 2010 alihakikishiwa dola milioni 50. Mwaka uliofuata Cam Newton, naye chaguo la kwanza, alipata mkataba wa milioni 22. Mshahara wa mgeni, yaani kijana anayetoka chuoni, sasa umefungwa kwenye namba ya zamu yake, na ndiyo maana timu zinatamani zaidi kupanda. Kijana akiwa mzuri, unamtumia miaka minne kwa bei ya kutupa, na wa raundi ya kwanza unaweza kumwongezea wa tano.

Kupanda hatua mbili tatu

Mfano ninaoupenda ni wa Tampa Bay Buccaneers, 2020. Walikuwa wamemsajili kwotabeki Tom Brady, ambaye Agosti mwaka huo angetimiza miaka 43, na mzee wa umri huo akiangushwa chini kila wiki msimu unakwisha mapema. Pengo lao lilikuwa kwenye ukuta unaomkinga, upande wa kulia. Zamu yao ilikuwa ya 14. Walipanda hatua moja tu: waliwapa San Francisco 49ers zamu ya 14 na ya 117, wakapokea ya 13 na ya 245. Kwa jedwali la Johnson ya 14 ina alama 1,100, ya 117 ina 60, na ya 13 ina 1,150. Hakuna aliyempunja mwenzake. Wakamchukua Tristan Wirfs, akaanza mechi zote 16 za msimu, na Februari 2021 wakaichapa Kansas City Chiefs 31–9 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi.

Mtu atasema kwa hatua moja walikuwa wanaogopa kivuli. Inawezekana. Lakini walilipa zamu ya raundi ya nne, na kosa la raundi ya nne halimfukuzishi mtu kazi.

Chiefs nao walifanya vivyo hivyo 2022. Charvarius Ward, beki wao wa pembeni, alikuwa ameondoka kama mchezaji huru kwenda 49ers. Wakapanda kutoka 29 hadi 21 kwa kuwapa New England Patriots zamu ya 29, ya 94 na ya 121. Ukijumlisha alama unapata 816, na ya 21 ina 800. Trent McDuffie akaja, akaumia mapema, akarudi, na Februari 2023 wakawa mabingwa. Msimu uliofuata alitajwa kwenye kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima.

Hiyo zamu ya 29 ina safari yake. Ilikuwa ya 49ers, ikaenda Miami Dolphins kwenye biashara nitakayoieleza mbele kidogo, Dolphins wakaituma Kansas City walipomnunua Tyreek Hill, na Kansas City wakaitumia kupandia. Noti moja ya shilingi elfu kumi inayozunguka sokoni kutwa nzima, kila mwenye kibanda akiitoa akidhani yeye ndiye aliyepata faida.

Kwa pengo la kawaida, yaani lisilo la kwotabeki, huku ndiko kupanda ninakokubali bila kuulizwa mara mbili: timu iliyokwisha kujengwa, pengo moja, malipo ya raundi ya tatu kushuka chini, na hakuna deni la mwakani.

Kupanda kwa mkopo

Hapa ndipo watu wanapoumia. Timu inapotoa zamu ya raundi ya kwanza ya mwakani, hakuna ajuaye ni zamu ya ngapi. Itakuwa ya 32 ukiwa bingwa, itakuwa ya kwanza ukivuta mkia. Umesaini deni ambalo ukubwa wake utaamuliwa na msimu wako mwenyewe, na ukifanya vibaya linakua. Tazama safu ya mwisho:

| Timu | Walipanda | Walimchukua | Zamu ya kwanza waliyodaiwa ikawa |
|---|---|---|---|
| New Orleans Saints 1999 | 12 → 5 | Ricky Williams | ya 2 (2000) |
| Atlanta Falcons 2011 | 27 → 6 | Julio Jones | ya 22 (2012) |
| Washington 2012 | 6 → 2 | Robert Griffin III | ya 22 (2013), ya 2 (2014) |
| Kansas City Chiefs 2017 | 27 → 10 | Patrick Mahomes | ya 22 (2018) |
| Houston Texans 2017 | 25 → 12 | Deshaun Watson | ya 4 (2018) |
| San Francisco 49ers 2021 | 12 → 3 | Trey Lance | ya 29 (2022), ya 29 (2023) |
| Houston Texans 2023 | 12 → 3 | Will Anderson Jr. | ya 27 (2024) |
| Carolina Panthers 2023 | 9 → 1 | Bryce Young | ya 1 (2024) |

(Namba 22 imejirudia mara tatu. Sina maelezo, nimeipenda tu.)

Anza na 49ers, maana wanavuruga hesabu za kila mtu. Lance alikuwa hasara tupu: alianza mechi nne tu kwa timu ile, na Agosti 2023 wakampeleka Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne. Kwa kumfuata walikuwa wametoa raundi za kwanza tatu na ya tatu moja. Kwa kawaida kosa la ukubwa huo linaizika timu. Wao hawakuzikwa, kwa sababu timu iliyobaki ilikuwa imara kiasi kwamba deni lililipwa kwa zamu mbili za 29, na kwa sababu 2022 walimwokota Brock Purdy kwa zamu ya 262, ya mwisho kabisa, akawafikisha Super Bowl ya Februari 2024. Sehemu ya pili ni bahati. Ya kwanza si bahati.

Panthers ndio kinyume chao. Walitoka kwenye msimu wa ushindi 7 na vipigo 10, wakawapa Chicago Bears zamu ya 9, ya 61, ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na juu yake DJ Moore, mpokeaji (mdaka pasi) wao mkuu. Wamefungua pengo jipya ili wazibe la zamani! Kijana Young akafika, kwotabeki bila mtu wa kumrushia. Msimu ukaisha na ushindi 2, vipigo 15, na ile zamu waliyodaiwa ikawa ya kwanza ya ligi nzima. Bears wakamchukua Caleb Williams.

Saints wa 1999 walifika mbali zaidi. Kocha Mike Ditka alitoa zamu zote alizobaki nazo mwaka ule, pamoja na ya kwanza na ya tatu ya mwaka uliofuata, kwa mkimbiaji mmoja. Ushindi 3, vipigo 13, Ditka akafukuzwa, na Washington wakamchukua LaVar Arrington kwa zamu ya 2 waliyoachiwa.

Falcons ndio wanaonigawa. Mwaka 2010 walikuwa 13–3 (ushindi 13, vipigo 3), kwotabeki Matt Ryan yupo, Roddy White yupo, Tony Gonzalez yupo. Walichokosa ni mtu mwenye mbio za kumfanya beki wa upande wa pili asilale. Wakawapa Cleveland Browns zamu tano: ya 27, ya 59, ya 124, na ya kwanza na ya nne za 2012. Julio Jones alicheza kwao miaka kumi na hakuna anayedai kijana hakuwa na thamani hiyo. Walifika fainali ya kanda yao msimu wa 2012, na Super Bowl ya Februari 2017, ile waliyoongoza 28–3 na kufungwa 34–28. Lakini katikati hapo kuna msimu wa 2013 wa ushindi 4 na wa 2014 wa ushindi 6. Zamu tano zisizokuwepo hazionekani mwaka wa kwanza. Zinaonekana wa tatu, pale wachezaji wa akiba wanapotakiwa kuingia na hakuna wa kuingia. Ningefanya biashara ile? Siku nyingine nasema ndiyo.

Na Browns waliolipwa zamu tano? Wakaishia na akina Greg Little na Owen Marecic, na ya 22 ya 2012 wakamchagua Brandon Weeden, kwotabeki wa miaka 28. Ng'ombe wa maskini hazai.

Kukaa ulipo

Watetezi wa kukaa wana silaha moja nzito. Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler walichambua drafti za miaka mingi na kuuliza swali dogo: mchezaji aliyechaguliwa, ni mara ngapi anamzidi yule aliyefuata kuchaguliwa kwa kazi hiyohiyo? Jibu likaja takriban asilimia 52. Karibu sawa na kurusha shilingi. Yaani ukilipa zamu tatu ili umpate beki wa kwanza badala ya kungoja wa pili, umenunua uhakika ambao haupo.

Bears wa 2017 ni picha yake. Walikuwa na zamu ya 3. Wakawapa 49ers hiyo ya 3, ya 67, ya 111 na ya raundi ya tatu ya 2018 ili wasogee hatua moja, hadi ya 2, wamchague Mitchell Trubisky. 49ers, waliouza, wakamchukua Solomon Thomas, ambaye hata si kwotabeki. Mahomes alikuwa amekaa palepale mpaka zamu ya 10, na Watson mpaka ya 12. Mchagua nazi hupata koroma.

Hata hivyo sikubali kuwa ile asilimia 52 inamaliza mjadala. Inalinganisha jirani na jirani. Pengo lako linaweza kuwa la kazi ambayo mwaka huo ina watu wawili tu wa maana, kisha shimo. Hapo aliye wa tatu si jirani tena. Kabla ya kupiga kelele "tulieni," hesabu wamebaki wangapi wa kazi hiyo. Wakiwa wanne, kaa. Akiwa mmoja, na timu iliyo mbele yako ina pengo kama lako, washa simu.

Kushuka

Njia isiyopigiwa makofi, na kwa timu yenye mapengo mengi ndiyo ninayoichagua. Mwezi Machi 2018 Indianapolis Colts walikuwa na zamu ya 3 na kwotabeki, Andrew Luck, ambaye ukuta wake ulikuwa umeachia apigwe mpaka bega likamkosesha msimu mzima wa 2017. New York Jets walitaka kwotabeki, ambaye mwishowe alikuwa Sam Darnold. Wakawapa Colts zamu ya 6, ya 37, ya 49 na ya raundi ya pili ya 2019. Colts wakashuka hatua tatu, wakamchukua Quenton Nelson kwa ya 6, na kwa ya 37 Braden Smith. Wakingaji wawili wa kuanza, kwa zamu moja. Luck aliyekuwa ameangushwa mara 41 msimu wa 2016 aliangushwa mara 18 tu msimu wa 2018.

Ila ukishuka lazima uwe tayari kumkosa uliyemtaka bila kununa. Mashabiki hatuna moyo huo.

Kununua mkongwe

Kuna majaribio machache safi kwenye michezo, na hili ni mojawapo. Machi 2020 Buffalo Bills walikuwa na pengo la mpokeaji. Wakawapa Minnesota Vikings zamu ya 22 na nyingine tatu za chini, wakapokea Stefon Diggs na zamu ya raundi ya saba. Mwezi mmoja baadaye Vikings, ambao sasa pengo limehamia kwao, walikaa kwenye ileile 22 na kumchagua Justin Jefferson. Msimu huo Diggs aliongoza ligi nzima kwa mipira aliyodaka, 127, na kwa yadi, 1,535. Jefferson, mgeni, alipata yadi 1,400.

Nani alipata zaidi? Bills walihitaji mtu wa leo. Josh Allen alikuwa anaingia msimu wa tatu kwa mshahara wa mgeni, mlango ulikuwa wazi, wakaenda 13–3 na kufika fainali ya kanda. Vikings walipata kijana wa miaka 20 kwa bei ya kutupa. Kama timu yako ina dirisha la miaka miwili, mkongwe. Kama bado inajengwa, mkongwe ni sofa mpya kwenye nyumba isiyo na paa.

Pengo likiwa la kwotabeki

Hapo nusu ya niliyoyasema yanalegea, maana bila kwotabeki mengine yote ni mapambo, na wa kuaminika haachiwi na timu yake akaenda sokoni. Chiefs wa 2017 walikuwa na Alex Smith na msimu wa 12–4 nyuma yao, wakalipa zamu ya 27, ya 91 na ya kwanza ya 2018, wakamweka Mahomes benchi mwaka mzima isipokuwa mechi ya mwisho. Walipanda wakiwa na mtu. Ndiyo maana deni likawa la 22. Texans usiku uleule walipanda wakiwa hawana mtu: Watson akaanza mechi wiki ya pili, goti likakatika Novemba, timu ikaisha 4–12, na Browns wakapata zamu ya 4, wakamchukua Denzel Ward. Biashara mbili za usiku mmoja zilizofanana kwenye karatasi. Iliyozitenganisha ni timu iliyokuwa imemzunguka kijana.

Wanaosema lazima ulipe mwakani ili umpate kwotabeki, wawatazame Bills wa 2018: kutoka 12 hadi 7 kwa zamu mbili za raundi ya pili za mwaka uleule, wakamchukua Allen. Usiku huohuo Baltimore Ravens walipanda kutoka 52 hadi 32, mkiani mwa raundi ya kwanza, wakamchukua Lamar Jackson. Deni lao la mwakani lilikuwa la raundi ya pili tu. Allen amekuwa mchezaji bora wa ligi mara moja, Jackson mara mbili.

Kwa hiyo kura yangu kwenye lile kundi ni hii. Timu iliyoshinda mechi 11 au zaidi na ina pengo moja: ipande, kwa raundi ya tatu na ya nne. Yenye mapengo manne: ishuke. Isiyo na kwotabeki: ipande, lakini iseme kwanza nani atacheza mwaka huu wakati kijana anajifunza, na isimtoe mpokeaji wake.

Washington ndio waliobaki kwenye jedwali. Griffin alikuwa mgeni bora wa mashambulizi wa 2012 na wakatwaa kundi lao, kisha goti likaharibika kwenye mechi ya mtoano Januari 2013, na deni lililoanza kwa 22 likamalizikia kwa 2. Desemba 2014 walikutana na Rams, waliowauzia. Kocha wa Rams akawatuma kwenye kurusha sarafu manahodha sita, wote wakiwa wachezaji waliopatikana kutokana na biashara ile. Griffin alianzia benchi. Ikaisha 24–0. Watu walicheka sana siku ile, lakini Rams wenyewe tangu wauze hadi 2015 hawakumaliza hata msimu mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo, kwa sababu wakingaji na mabeki walikuwa nao tele ila kwotabeki hawakumpata. Basi 2016 wakapanda wao, kutoka 15 hadi 1, kwa Jared Goff, na miongoni mwa malipo ikiwemo zamu yao ya kwanza ya 2017. Wakashinda mechi nne. Zamu ikawa ya 5, na Tennessee Titans wakaichukua.